Nilivyoivisha leza mpya dashibodi ya Land Cruiser ya baba mdogo

Gari lenyewe ni Land Cruiser HJ47, pikapu ya mwaka 1982, injini ya 2H ya silinda sita, cc 3,980. Baba mdogo aliibebea nazi kutoka Mkuranga miaka na miaka, na siku aliponikabidhi funguo injini iliitika mara moja. Kilichokufa ni dashibodi. Chini ni bati tupu, lakini juu yake kuna mto wa sponji uliovishwa plastiki nyeusi, na mto huo ulikuwa na mipasuko saba, mmoja ukiingia kidole gumba. Sponji ya ndani ilishageuka unga wa rangi ya ugoro. Kila nikiruka tuta, unanimwagikia magotini.

Jua ndilo lililoiua. Leza ya plastiki, PVC, ni ngumu kwa asili; kiwandani huchanganywa na vilainishi ndipo ikunjike. Joto huvitoa vilainishi hivyo kidogo kidogo, na ule ukungu wa mafuta unaojipaka ndani ya kioo cha mbele mara nyingi ndio huo. Plastiki ikishakauka hunywea, ikinywea huchanika penye udhaifu, hasa karibu na matundu na pembe. Na gari likiegeshwa Posta mchana kutwa na vioo vimefungwa, juu ya dashibodi joto linaweza kupita nyuzi 70.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilinunua leza Kariakoo, nzuri machoni, nikajaza mipasuko kwa puti ya bodi, nikapaka gundi ya viatu, nikabandika. Ilikuwa Aprili, mvua za masika. Wiki mbili baadaye puti ilishapasuka, maana ni ngumu na mto unacheza, na leza ilishanyanyuka kwenye bonde lote la mbele ya dereva kama ngozi ya ngoma iliyowambwa.

Nikalipeleka gari Keko kwa fundi makochi mmoja. Hakuniuliza habari ya gundi. Aliibandua leza pembeni, akaigeuza, akaivuta kwa mikono miwili.

"Kaka, hii ya sofa. Tazama mgongo wake, nyuzi zimefumwa kama turubai. Haivutiki. Wewe unataka yenye mgongo kama fulana."

Ningeambiwa hilo mapema ningeokoa mwezi mzima. Leza yenye mgongo wa fulana huvutika pande zote nne, kwa hiyo inaingia kwenye mabonde bila kushonwa. Ya mgongo wa turubai inafaa penye bapa tu. Ukiilazimisha bondeni inatulia siku hiyo, kisha joto likipanda inarudi ilikotoka. Tangu hapo sinunui leza bila kuigeuza. Roli nyingi zina upana wa sentimita 137, na dashibodi ni ndefu, hivyo nilikata mita mbili kwa urefu wa roli ili nipate kipande kimoja kisicho na kiungo. Nilichagua nyeusi isiyong'aa, kwa sababu inayong'aa hujionyesha kwenye kioo cha mbele, na asubuhi jua likiwa usoni huioni barabara.

Kazi ya pili nilianza upya kabisa. Nilichomoa betri, nikapiga picha za nyaya kwa simu, nikafungua nati zilizojificha chini na kuutoa mto mzima. Watu wengi huvisha ukiwa bado ndani ya gari. Sishauri hata kidogo, kwa sababu upande wa kioo hutaufikia na huko ndiko kutakakonyanyuka kwanza.

Kuosha kulichukua siku nzima. Miaka yote hiyo gari lilikuwa likipakwa polishi ya silikoni, na juu ya silikoni gundi haishiki. Sabuni, maji, kukausha, halafu spiriti kwa vitambaa safi mpaka kitambaa kitoke cheupe. Midomo ya mipasuko iliyojikunja juu niliikata kwa wembe, nikakwangua unga hadi kufikia sponji nzima, kisha nikajaza povu la kopo, lile la mafundi wa madirisha ya aluminiamu. Linaumuka, kwa hiyo unajaza nusu. Nililiacha lilale, asubuhi nikalichonga kwa kisu na kulimaliza kwa msasa. Juu yake nikabandika sponji nyembamba ya milimita 3, maana leza laini huonyesha kila kovu.

Gundi safari hii ilikuwa ya kuhimili joto. Unapaka pande zote mbili, mara mbili, na unasubiri mpaka ukigusa kwa mgongo wa kidole isinate. Hapa hewa ya Dar ina neno lake: kukiwa na unyevu mwingi gundi inapokauka hupoa na kuvuta maji, inafifia nyeupe, na haitashika. Nilingoja siku kavu ya Julai, saa sita mchana, kibarazani.

Nikaanza bondeni, siyo pembeni. Shemeji alishika draya ya saluni akiipasha leza, mimi nikiibonyeza kwa kitambaa kutoka katikati ya bonde kwenda nje. Ukianza kingoni, leza inapiga daraja juu ya bonde na huwezi tena kuishusha. Matundu ya kupulizia kioo niliyakata mwisho, mkato mmoja katikati na mishazari miwili kila ncha, nikakunja vipande kwa ndani. Kingo nilizizungushia chini sentimita 3, pembeni nikikata vipembetatu ili zisivimbe.

Sasa ni miezi minne juani na haijanyanyuka popote. Naifuta kwa kitambaa chenye maji tu, polishi ya silikoni haigusi tena. Baba mdogo alipoiona aliuliza kama leza imebaki. Ilibaki kipande, nikamvishia vizuia jua viwili.