Mbona kombe linaonekana?

Jumapili tarehe 19, usiku.

"Huyu ni samaki, au doa la chai?"

Shemeji aliyasema hayo Jumatano, simu yangu yenye picha ya samaki wangu na kombe lake la konokono ikiwa mkononi mwake, mdomo umejaa kashata. Nikamjibu, "Mwanga hautoshi, shemeji, ndiyo maana." Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama, akasema, "Mwanga hautoshi? Mbona kombe linaonekana?" Akanirudishia simu, akachukua kashata nyingine.

Tangu hapo Rehema kavalishwa pete, ofisi imetangaza kuhamia Dodoma kabla ya Julai, na mimi bado nimekwama palepale. Mbona kombe linaonekana. Majibu yamenijia mengi, yote usiku, yote yamechelewa.

Mpango wangu wa kamera ya kupigia picha samaki wa tangini ulikuwa huu: laki sita, Nikon D3300 ya mtumba, na lenzi ya milimita 50 ya f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana) ili "ivute mwanga". Hoja yangu ilikuwa kwamba sensa ya simu, kile kipande kinachopokea mwanga, ni ndogo, gizani picha inajaa chengachenga, basi dawa ni sensa kubwa na lenzi yenye jicho pana. Megapikseli 24, mwisho wa habari.

Jana nimefungua taarifa za ile picha ya doa. Simu ilichagua yenyewe kasi ya shata (muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia) ya sekunde 1/25. Ocellatus, ndiye samaki wangu huyo, ana sentimeta 5, na akijivuta polepole tu anakwenda sentimeta 5 kwa sekunde. Katika 1/25 ya sekunde amesogea milimita 2. Kwa samaki wa ukubwa huo, jicho limeshakuwa mstari. Kombe la konokono analoishi halisogei, kwa hiyo limetoka safi, hadi mikunjo yake inahesabika. Mwanga uliolitosha kombe haukumtosha samaki, kwa sababu samaki anataka kukamatwa kwa muda mfupi zaidi. Kwa 1/160 angesogea milimita 0.3, na hiyo haionekani.

Shemeji hajui shata ni nini. Lakini swali lake ndilo lililonipa jibu la kamera gani ninunue, na ninaona aibu kidogo kwamba siku nne nimelichukia.

Maana nikilifuata swali lile, lenzi ya f/1.8 inaanguka. Toleo la Nikon la AF-S haliwezi kufokasi karibu zaidi ya sentimeta 45, na hapo fremu nzima (eneo linaloingia kwenye picha) ina upana wa sentimeta 15 na ushei. Ocellatus anachukua theluthi moja tu. Toleo la AF-D, ambalo ni la bei rahisi zaidi, halina mota ya kufokasi ndani, na D3300 nayo haina mota, kwa hiyo fokasi ni ya kuzungusha kwa mkono. Tena ukiifungua f/1.8 kwa umbali huo, sehemu iliyo kali ni kama milimita 4. Jicho zuri, mkia ukungu.

Kumbe kinachotakiwa ni flashi, mwanga mwingi kwa muda mfupi. Bei ya ile lenzi ihamie kwenye flashi ya Yongnuo YN560 na kiwashio cha redio, na mwili wa kamera uwe wa zamani zaidi: Canon 600D ya mwaka 2011, megapikseli 18, pamoja na lenzi yake ya kawaida ya 18-55 IS II ambayo wauzaji wengi huidharau. Lenzi hiyo inafokasi hadi sentimeta 25 (zinapimwa kutoka kwenye sensa, si kutoka ncha ya lenzi), na kwenye milimita 55 fremu inashuka hadi sentimeta 6 na nusu hivi. Si makro (lenzi ya vitu vidogo vya karibu sana) kamili, lakini ocellatus anaijaza. D3300 ina chengachenga kidogo kuliko 600D kwenye ISO kubwa (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga), sibishi. Ila kwa flashi utapiga kwa ISO 400, na hapo ubora huo hauna kazi. Kioo cha nyuma cha 600D kinafunguka na kugeuka, cha D3300 kimegandishwa. Tangi lililo juu ya stuli fupi, na samaki wanaokaa mchangani, maana yake ni kulala kifudifudi sakafuni kila siku au kuwa na kioo kinachogeuka.

Flashi inakaa juu ya tangi, haikai kwenye kamera. Ikikaa kwenye kamera, kioo cha tangi kinakurudishia mwanga usoni. Iinamishe kidogo kuelekea kioo cha mbele, la sivyo mgongo unang'aa na tumbo linakuwa jeusi. Mchanga mweupe nao husaidia kurudisha mwanga juu. Karatasi nyeupe moja mbele ya flashi inalainisha mwanga. Flashi ifungwe kwenye kitu imara, isilale juu ya kifuniko chenye maji, kwa sababu ndani yake kuna kapasita yenye volti za kutosha kukuumiza. Kifuniko cha kioo kisuguliwe kwa siki kwanza: maji ya samaki wa Ziwa Tanganyika ni magumu (yana madini mengi), yakikauka yanaacha chokaa nyeupe inayokula mwanga kimyakimya.

Mipangilio ya kuanzia: M (unapanga kila kitu mwenyewe), 1/160, f/11, ISO 400, flashi robo ya nguvu, faili za RAW (picha ghafi isiyochakatwa na kamera). Usivuke 1/200, utapata utepe mweusi kwenye picha. Usisogee hadi mwisho pia. Kwenye fremu ya sentimeta 6 na nusu, hata f/8 inakupa milimita 4 tu za ukali. Rudi hadi fremu iwe sentimeta 11, na f/11 inakupa kama milimita 13, zinazomtosha samaki mzima aliyesimama ubavu. Bado anabaki na pikseli zaidi ya 2,300 kwa urefu wake. Kamera itazame kioo moja kwa moja; ukiikalisha mshazari, maji na kioo vinapinda mwanga na samaki anapata kivuli cha rangi pembeni.

Fokasi ya mkono kwenye mdomo wa kombe, kisha subiri. Dume atarudi, hana kwingine.

Maji yabadilishwe jana yake, siyo siku hiyo, maana mapovu madogo hung'aa kama vumbi. Kichujio kizimwe dakika 10 uchafu utue, halafu kiwashwe (weka kengele kwenye simu, bakteria wa humo wanahitaji hewa). Sumaku ya kusugulia mwani isishuke hadi mchangani. Punje moja ikinasa katikati yake, kioo kina mkwaruzo wa maisha.

Kesho naenda kuiona ile 600D. Nakwenda na tochi, nimulike ndani ya lenzi kutafuta kuvu, inayofanana na utando wa buibui. Kwa unyevu wa hapa Dar lenzi iliyokaa kabatini mwaka mzima bila vipakiti vya silika jeli vya kunyonya unyevu si ya kuaminiwa. Kisha picha ya ukuta mweupe kwa f/16, madoa ya sensa yajitokeze. Idadi ya mapigo ya shata Canon hii haiandiki ndani ya picha kama Nikon, kwa hiyo naenda na kompyuta, programu na waya wa USB. Betri iwe LP-E8, na chaja yake iwepo.

Shemeji sijamwambia. Nitampelekea picha, jicho la dume likiwa kali, bila neno lolote. Au nimwandikie tu "kombe". Sijaamua.

Siki niliifuata kabatini kwa mama leo jioni, na kopo la vidonge vyake vya presha lilikuwa mbele yake. Vidonge 30, kimoja kila asubuhi, alilifungua tarehe 1. Vilipaswa kubaki 11. Nimevihesabu mara mbili, viko 17.