Siku moja maishani mwangu: konkuru ya foto (mashindano ya picha) imeisha, kazi yangu ndio inaanza

Saa kumi na moja na nusu asubuhi. Naamka mapema kuchaji telefone na kompyuta kabla umeme haujaondoka, maana huku kwetu Katuba ukilala mpaka jua litoke unaweza kushinda siku nzima na betri ya asilimia kumi. Chai, mkate, kaye langu kubwa la kuandikia na bahasha ya fishi, zile karatasi za maoni ya watu, kwenye mfuko, nashika bisi ya mjini.

Mama yangu ananiuliza kila siku, konkuru yenu si ilimalizika, zawadi si mlishatoa, sasa unaenda kufanya nini kule? Majirani pia. Mimi ni katibu wa konkuru ya foto ya kikundi chetu cha vijana hapa Lubumbashi, Kongo, na watu wanafikiri kazi ya katibu ni kushika mikro siku ya zawadi. Ile ni nusu saa tu. Kazi yenyewe ni wiki tatu zinazofuata, ndio wakati wa kuzunguka kuuliza watu: mliona nini, mliumia wapi, tubadilishe nini. Washindi nawauliza, lakini zaidi walioshindwa, walioandika jina halafu hawakutuma kitu, waliokuja kutazama tu, na majaji wenyewe. Usipowauliza mapema wanasahau, mwaka unaofuata unarudia makosa yale yale mbele ya watu wale wale.

Saa mbili nafungua biro, ofisi yetu, nasoma fishi. Siku ya kwanza ya maonyesho tulikosea swali. Tuliandika "Je, ulipenda maonyesho?" na karibu wote wakajibu ndiyo, mazuri sana, Mungu awabariki. Unasoma karatasi arobaini na hakuna hata neno moja la kufanyia kazi. Siku ya pili nikabadilisha: "Taja kitu kimoja kilichokusumbua, tangu siku uliposikia habari za konkuru mpaka leo." Hapo biki za kuandikia zikaanza kutembea. Mtoto mmoja wa shule ameandika kwa herufi kubwa: NILITUMA FOTO TATU SIJUI KAMA ZILIFIKA. Hiyo sentensi naiandika kwenye kaye na kuipigia mistari miwili chini. Kumbe mtu alikaa mwezi mzima bila kujua kama tumeipata kazi yake, na sisi tungemwandikia neno moja tu, "imefika".

Saa tatu ni kupiga telefone kwa wale wa kujiandikisha bila kutuma. Wasichana wengi wananiambia kitu kimoja: mlisema mwanga mzuri ni wa alfajiri na wa magharibi, sasa nyumbani nani ataniruhusu kutoka saa hizo na telefone mkononi? Hatukuwahi kufikiria hilo. Naandika.

Halafu saa nne inagonga na Papa anaingia.

Papa huyu, ndivyo tunavyomwita mzee huku, ni mpiga foto wa zamani, wa ndoa na komunyo na foto za pasipoti, tangu wakati wa filimu. Ameingia na kitu kimekunjwa ndani ya gazeti, hajasalimia.

"Papa, karibu, ukae."

"Sikai. Minakuya kuuliza tu. Juu ya nini munanipatisha haya mbele ya bantu?"

Na hapo ikaanza. Majaji wenu ni batoto. Yule aliyeshinda ametengeneza foto na mashine, siku hizi unaandika maneno kwenye telefone na foto inatoka, mjukuu wangu amenionyesha. Viti siku ya zawadi havikutosha, wazee walisimama. Jina langu mumeliandika vibaya. Foto zimetundikwa juu sana. Na tena majaji ni batoto. Akizunguka anarudi pale pale, na kila akirudi sauti inapanda, watu wa biro ya jirani wakaanza kuchungulia mlangoni. Mimi nina sheria moja niliyojiwekea: mtu akija na hasira, dakika za kwanza sijibu, naandika. Nikijibu mapema ataanza kupigana na jibu langu na lile lililomleta litabaki tumboni. Kwa hiyo naandika, ukurasa wa kwanza, wa pili, mkono unauma, jasho linatoka, fishi za watu sitini zinanisubiri mezani, na Papa bado amesimama.

Ile ya mashine nilimjibu, maana ni tuhuma nzito kwa mtoto wa watu. Nilimwambia Papa, hofu yako ni ya kweli, mwaka 2023 Mjerumani Boris Eldagsen alipewa zawadi kwenye Sony World Photography Awards kwa picha aliyoitengeneza kwa akili bandia, na akaikataa mwenyewe, alitaka kuona kama watu wako tayari. Ndiyo sababu sisi tulimwomba kila mshindi faili lake la mwanzo kama lilivyotoka kwenye apareyi, yaani kamera, pamoja na foto alizopiga kabla na baada ya ile. Nikafungua kompyuta nikamwonyesha: foto kumi na moja zinafuatana, mama wa samaki wa ile foto iliyoshinda anageuka polepole, mteja anaingia, anatoka. Papa akaangalia moja moja, akanyamaza kidogo.

"Sasa juu ya nini hamukusema?"

Sikuwa na jibu. Tulikagua, lakini tulikagua ndani ya biro, hatukumwambia mtu. Mji mzima ulibaki kujisemea. Naandika hiyo pia.

Ndipo akafungua gazeti. Ndani ilikuwa foto yake, ile tuliyoichapa sisi kwa karatasi kubwa ya A3 na kuitundika: mama anauza makala, makaa ya kupikia, sura karibu. Akaweka kidole kwenye shavu la yule mama. "Angalia." Nikainama. Shavu lilikuwa na vijumba vijumba kama tanuru la matofali, macho yamefifia, ukingo wa kitambaa umekatika ngazi ngazi.

"Hii haina foto yangu," akasema, safari hii taratibu, yaani hii siyo. "Foto yangu iko huku." Akatoa leso mfukoni, ndani ya leso kadi ya apareyi.

Nikaiweka kwenye kompyuta. Mungu wangu. Vumbi la makala lilionekana limekaa kwenye nyusi, unaweza kulihesabu. Uzi mmoja umetoka kwenye kitambaa cha kichwa. Ndani ya jicho la yule mama kulikuwa na dirisha dogo jeupe, na ndani ya dirisha mtu amesimama, na huyo mtu ni Papa mwenyewe na apareyi yake. Faili lina pikseli, vile vidoti vya picha, 6000 kwa 4000. Nikafungua lile tulilopokea sisi: 1600 kwa 1067.

Kumbe mjukuu ndiye aliyetuma, kwa WhatsApp, kama foto ya kawaida, na ukituma hivyo inapunguzwa ili ipite haraka. Ukituma kama dokima, yaani "document", inabaki vile ilivyo. A3 ina sentimita 42 upande mrefu, ili itoke safi unataka pikseli karibu 118 kwa kila sentimita, sisi tulikuwa nazo 38. Na kosa si la mjukuu. Nilifungua reglema yetu, sheria za konkuru, Papa amesimama nyuma yangu, nikasoma kwa sauti mstari wetu wote kuhusu kutuma: "Tuma foto zako kwa namba hii." Basi. Majaji waliangalia kitu ambacho si kazi ya Papa, na aliyechapa aliona ni mbovu akachapa tu.

Nikamwomba msamaha, nikasimama kumwomba. Hapo akakaa. Ilikuwa karibu saa saba.

Alipokunywa maji akaniambia neno la mwisho, na hilo ndilo lililonitoa biro mchana: "Huyu mama wa makala, kesho yake nilimupelekea foto yake, njo kazi yetu. Yule mama wa samaki wa mtoto wenu, mulimuuliza? Anajua kama alishinda?"

Umeme ukaenda. Nikala bukari na sombe haraka haraka kwa mama wa pembeni, nikapanda bisi kwenda soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, jua la kuchoma, mimi na yule kijana mshindi mwenyewe maana peke yangu nisingempata. Tulitafuta sana. Tukamkuta amekaa na beseni lake, kijana akamsalimu, mama akamwangalia kwa muda.

"Njo wewe," akasema, yaani kumbe ndiye wewe. "Bantu walikuya hapa kuniambia, mama, sura yako iko ku ukuta kule mjini. Minasema, nimefanya nini? Minafikiri wananitafuta. Siku mbili sikukuya ku soko."

Siku mbili bila kuuza. Niliandika hiyo tarakimu na mkono wangu ulikuwa mzito. Kijana akaanza kueleza mwanga, na ule ukimya wa uso, mama akamkata: "Kama unataka kunipiga foto ukuye siku ya Mungu nikitoka kanisa, nimevaa. Haina na magamba ya samaki ku mikono." Kijana akaweka kichwa chini. Nikamuuliza mama anataka tufanye nini sasa, akafikiri, akasema anataka foto moja ya kuweka nyumbani, ile ile ya ukutani, na wakati mwingine mtu aseme kwanza. Hakudai pesa. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki ya aliyepiga foto, na reglema yetu iliishia kwa huyo. Aliyepigwa hatukumwandikia hata nusu mstari.

Kurudi sijui ilikuwa saa ngapi, bisi ilijaa, nilisimama njia nzima, miguu imevimba, natoka Kenya nakiona kwa mbali kile kilima cheusi cha machafu ya shaba na bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi, nikakumbuka jaji mmoja ameandika "bomba, bomba, bomba tena". Kweli, tulitoa mada "Mji wetu" na karibu kila mtu akaenda kupiga bomba. Mwaka ujao mada iwe ndogo. Mlango wa nyumba. Mikono. Kitu ambacho hata msichana asiyeruhusiwa kutoka alfajiri anaweza kukipiga ndani ya ua.

Usiku kikao na majaji kwa telefone, sauti inakatika kila dakika. Walibishana zaidi juu ya dada mmoja tuliyemtoa kwa sababu alibandika foto ya kale ya babu yake mchimba migodi ndani ya foto mpya. Kwenye fishi ameuliza: Sammy Baloji mtoto wa mji huu anajulikana duniani kwa kubandika wafanyakazi wa zamani ndani ya foto za viwanda vya Gécamines, mimi mnanitoa kwa nini? Jaji mmoja akasema hata World Press Photo mwaka 2015 waliondoa asilimia 20 ya foto zilizofika hatua za mwisho kwa sababu zilibadilishwa. Ni kweli, lakini ile ni konkuru ya habari, sisi hatukusema yetu ni ya nini. Tumekubaliana kuwe na vyumba viwili, foto za ushahidi na foto za ubunifu, na huyo dada nampigia kesho mwenyewe.

Nimeandika reglema mpya mpaka macho yanaona mbili mbili. Tuma kama dokima. Utajibiwa "imefika". Mwombe unayempiga, umpelekee nakala. Ukaguzi wa mafaili ufanyike mbele ya watu. Huo mstari wa nakala ni wa Papa.

Nimemwandikia Papa kwamba kesho tunachapa upya foto yake, pamoja na ile ya mama wa samaki, jibu limerudi hapo hapo, kumbe naye hajalala: "Mwanangu, minafika saa mbili. Karatasi usiweke ile ya kung'aa, itaua makala."