Wendover mpaka Princes Risborough kwa miguu, bila gari

Sisi tunaokaa London tukisikia habari za kwenda kutembea mashambani tunajua hiyo ni shughuli ya wazungu wenye magari na mbwa, na mimi nilikuwa na mawazo hayo hayo mpaka siku nilipoangalia vizuri ramani ya treni, nikaona stesheni za Wendover na Princes Risborough ziko kwenye laini mbili tofauti lakini zote zinaishia stesheni ya Marylebone hapa London. Yaani unashuka huku unatokea kule, hurudi ulikotoka. Basi nikakata tiketi ya kwenda tu, nikamvuta na dada mmoja wa Tanga ninayefanya naye kazi, Oktoba hiyo tukaingia milima ya Chiltern.

Njia yenyewe ni kipande cha Ridgeway, ile ndefu ya kilomita 139 hivi inayoanzia karibu na Avebury hadi kilima cha Ivinghoe Beacon. Sisi tulichukua kama kilomita 10 tu. Kupotea ni ngumu, kwenye nguzo kuna alama ya kokwa ya mwaloni, unaifuata hiyo.

Ukitoka stesheni Wendover ni kupanda moja kwa moja, Bacombe Hill halafu Coombe Hill, mita 260. Mtu wa Lushoto atacheka lakini ngoja afike juu pale kwenye mnara wa askari waliokufa vita ya Makaburu, bonde lote la Aylesbury liko chini yako na mwewe wanazunguka wenye mkia wa panda. Hao mwewe wekundu huku England waliisha kabisa, ndo kati ya 1989 na 1994 wakaletwa wengine kutoka Hispania wakaachiwa huko Chiltern, sa hivi wamejaa.

Chini ya nyasi ni chaki tupu, jiwe jeupe laini lililotokana na mabaki ya viumbe vidogo vya baharini, na ndani yake kuna mawe magumu ya gumegume yenye makali. Mvua ikinyesha maji yanazama yote, kwa hiyo huko juu usitegemee kukuta kijito, beba maji yako. Na chaki ikilowa ni sabuni. Mimi niliweka buti zenye meno, mwenzangu nikamwazima za mke wangu, tukashuka kwa hatua fupi fupi huku tumeukanyaga ukingo wa majani badala ya katikati ya njia.

Sasa sehemu iliyonishangaza ni Chequers, nyumba ya mapumziko ya Waziri Mkuu. Njia inakatiza barabara yake ya kuingilia, hivi hivi, kamera zimekutazama na vibao vya onyo kila upande. Dada wa Tanga akasimama. "Kaka, tusije tukapigwa risasi hapa, mi nina watoto." Nikamwambia dada twende, hii ni njia ya umma kisheria, mradi tusitoke nje ya njia. Na kweli hakuna aliyetuuliza chochote! Nchi hii wana njia za haki ya kupita, zinazopita kwenye mashamba ya watu, unafungua geti unalifunga unapita katikati ya kondoo wa mtu, na mwenye shamba hana ruhusa ya kukuzuia. Kwangu mimi hicho ndo kitu wametuzidi, sio hiyo milima.

Baada ya hapo ni msitu wa miti ya bichi. Magome ya kijivu, laini, na chini hakuna vichaka maana majani yake yanaziba jua, kwa hiyo unaona mbali sana katikati ya miti, Oktoba kote ni rangi ya shaba. Zamani mafundi walikuwa wanafanyia kazi humo humo msituni, wanachonga miguu ya viti kwa ajili ya viwanda vya High Wycombe. Ukitokea Cadsden kuna baa iitwayo The Plough, ile ambayo David Cameron, akiwa Waziri Mkuu, alimpeleka Rais wa China Xi Jinping mwaka 2015, sisi tulikunywa chai yetu ya chupa nje tukaendelea, kupanda tena Whiteleaf Hill (hapa ndo magoti yanauliza maswali) halafu mteremko mpaka Princes Risborough na treni.

Dada keshasema safari ijayo anataka kutoka stesheni ya Tring kwenda Ivinghoe Beacon. Nimemwambia sawa, ila viatu anunue vyake.