Bluu ya Delft na sahani ya Bibi

Ngazi 376. Naanza na hesabu hiyo kwa sababu leo mapaja ndiyo yanayoandika, mimi nimekaa pembeni nayasikiliza tu.

Mdogo wangu alinihadaa. "Dada, ni kamnara tu, tunapanda mara moja, tunashuka, tunaenda kula." Kamnara! Mnara wa Nieuwe Kerk wa hapa mjini Delft, yaani Kanisa Jipya (jipya kwa maana kwamba walianza kulijenga karne ya 14), una karibu mita 109, na katika Uholanzi nzima unazidiwa na mmoja tu, ule wa Utrecht. Ngazi ni za mawe, zinazunguka kama gamba la konokono, nyembamba kiasi kwamba ukikutana na anayeshuka lazima mmoja wenu ajibane ukutani. Nilijibana mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nampisha mtu ambaye hayupo, ili nipate kupumua.

Juu kabisa upepo ulitaka kuondoka na mtandio wangu. Chini yetu uwanja wa Markt ulionekana kama mkeka uliotandikwa kwa ajili ya wageni, jengo la halmashauri likiwa upande wa pili na madirisha yake yenye mbao nyekundu. Halafu mifereji, imenyooka kama imepigwa rula. Mdogo wangu anasema jina lenyewe la Delft linatokana na neno lao la kuchimba, na mfereji wa kwanza waliouchimba ndio ulioupa mji jina. Kwa mbali upande mmoja unaiona Den Haag, upande mwingine Rotterdam. Akanionyesha na sehemu ambapo tarehe 12 Oktoba 1654 ghala la baruti lililipuka na kuufagia mtaa mzima. Waliokufa ni zaidi ya mia, akiwemo mchoraji Carel Fabritius, yule aliyechora picha ya ndege mdogo aliyefungwa mnyororo. Leo pale ni uwanja wenye miti na magari yameegeshwa.

Huyu mdogo wangu yuko hapa kusomea maji. Ukisema unasomea maji nyumbani watu wanakucheka, lakini Delft kuna chuo kizima cha mambo hayo, IHE, na kwenye jiko la hosteli yake nimekuta Mganda, Muethiopia na Mnepali wakigombania sufuria moja. Nchi ambayo karibu robo yake iko chini ya usawa wa bahari, ni haki watu waje kujifunza maji hapa. Tangu nifike hajaacha kunisomesha. Kila mfereji ni mhadhara.

Tulishuka tukaingia kanisani kuona kaburi la William wa Orange, baba wa taifa lao, aliyepigwa risasi mwaka 1584 hapa hapa Delft, kwenye ngazi za nyumba aliyokuwa akiishi. Matundu ya risasi bado yapo ukutani. Marumaru ni nyingi, malaika ni wengi, lakini mimi nilivutiwa na mbwa. Miguuni pa sanamu ya mfalme wao huyu asiye mfalme amelala mbwa wa mawe, na inasimuliwa kwamba mbwa wake wa kweli alikataa kula baada ya bwana wake kuuawa, hadi akafa. Wengine wa familia ya kifalme wako chini ya sakafu, na huko haturuhusiwi.

Oude Kerk, Kanisa la Kale, liko hatua chache tu kutoka hapo, na ukilitazama kutoka ng'ambo ya mfereji unahisi kizunguzungu. Mnara umeinama. Haukuinama kidogo, umeinama karibu mita mbili, na minara yake midogo ya kona inaelekea mbinguni kwa njia yake yenyewe. Wenyeji wanauita Jan Aliyepinda. Mdogo wangu alisimama hapo mikono kiunoni kama mkandarasi. Anasema walijenga sehemu ya mnara juu ya mfereji uliofukiwa, udongo ukakubali uzito kwa upande mmoja tu. "Maji hufuata mkondo, dada. Ukiyafukia, yatakudai." Ndani yake kuna kengele ya mwaka 1570, karibu tani tisa, ambayo haipigwi ovyo, wakiogopa mtikisiko. Wanaitunza kwa shughuli kubwa kama maziko ya kifalme.

Ndani, sakafu nzima ni makaburi. Unakanyaga majina ya watu, na mimi jambo hilo sikulizoea hata baada ya nusu saa. Nilikuwa narukaruka kama mtoto anayecheza rede. Mchoraji Johannes Vermeer yuko hapo chini ya jiwe bapa. Nilitegemea kaburi la maana, maana picha ya yule binti mwenye hereni ya lulu nimeiona hadi kwenye mfuko wa plastiki Kariakoo. Lakini alikufa mwaka 1675 akiwa na umri wa miaka 43, ameacha mke, watoto 11 na madeni. Muuza mikate peke yake alikuwa akimdai zaidi ya gulda 600, na mjane akamwachia picha mbili kama rehani. Fikiria hiyo: picha mbili za Vermeer, kwa deni la mikate! Na hapa mjini kwake hakuna hata picha moja aliyoichora kwa mkono wake. Ukitaka kuziona, hata ile ya mji wenyewe wa Delft ambayo mnara niliopanda unang'aa kwa jua, upande treni uende Den Haag.

Mdogo wangu hakuwa na habari na Vermeer. Alikuwa amesimama kwenye kumbukumbu ya Antonie van Leeuwenhoek, na nikaona ameshika kofia mkononi. Huyu alizaliwa mwaka 1632 kama Vermeer, mji huo huo, na kazi yake ilikuwa kuuza vitambaa. Alijitengenezea vioo vidogo vya kukuzia, na mwaka 1674 akachukua maji ya ziwa la karibu akayatazama, akakuta yamejaa viumbe vinavyoogelea ambavyo hakuna binadamu aliyewahi kuviona. Baadaye akachokonoa utando wa meno yake, navyo vimo. "Kumbe huyu ndiye," nikamwambia. Mama alivyokuwa akituchemshia maji ya kunywa miaka yote ile, tukisubiri yapoe huku koo zimekauka baada ya mpira, chanzo ni babu huyu. Tukamcheka, halafu tukanyamaza kidogo, maana tulikuwa kanisani.

Mchana tulikula. Mdogo wangu aliniletea samaki mbichi mwenye chumvi na vitunguu vilivyokatwa vidogo, akaniambia kula, ndiyo heshima ya nchi. Mimi ni mtoto wa Bagamoyo. Samaki nimemla mkavu, wa kupaka, wa kukaanga, wa nazi. Nilimtafuna yule kipande kimoja nikampa mdogo wangu aliyebaki, nikanunua samaki wa kukaanga wa vipande, wa moto, na hapo ndipo nilipoielewa Uholanzi. Wakati narudi na karatasi yangu ya mafuta nikakanyaga njia ya baiskeli, kengele ikanililia, na bibi wa miaka kama sabini akanipita kwa kasi ya bodaboda akiniambia neno ambalo mdogo wangu alikataa kulitafsiri.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike.

Nyumbani kwa Bibi, Mungu amrehemu, kulikuwa na sahani moja ya bluu na nyeupe kwenye kabati la vyombo. Ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele kutoka ukingoni hadi katikati. Hatukulia humo kamwe. Siku ya Idi ilitolewa, ikawekwa halua, ikazungushwa kwa wageni, ikarudi. Ukiuliza ni ya wapi unaambiwa "ya Kichina", na hapo mazungumzo yamekwisha, kwa sababu kwa Bibi kila chombo kizuri kilikuwa cha Kichina. Na tulipopelekwa na shule kwenye magofu ya Kaole, mwalimu alituonyesha makaburi ya nguzo yenye mashimo ya duara. Humo ndimo yalimopachikwa mabakuli ya Kichina, mamia ya miaka iliyopita. Mabakuli yamekwenda, mashimo yamebaki. Mimi nilijaribu kuingiza ngumi yangu kwenye shimo moja, nikachapwa.

Kwa hiyo nilipoingia De Porceleyne Fles, kiwanda cha vyombo kilichoanzishwa mwaka 1653 na bado kinafanya kazi, sikujiona mgeni. Nilijiona nimeingia kabatini kwa Bibi.

Habari yao ni hii. Mwanzoni mwa karne ya 17 meli za Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki zilikuwa zikileta kauri za Kichina kwa shehena, na Delft ilikuwa moja ya miji sita yenye ofisi ya kampuni hiyo. (Kampuni hiyo hiyo, miaka ya 1770, ilituma meli kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Zanzibar kununua watumwa. Hilo nililisoma zamani, na nilipopita mbele ya jengo lao la kale kwenye mfereji wa Oude Delft, maua madirishani, sikupiga picha.) Matajiri wakazipenda kauri mno. Halafu China ikaingia vitani, utawala wa Ming ukaanguka mwaka 1644, mzigo ukapungua. Wafinyanzi wa Delft wakaona mlango umefunguka. Viwanda vya bia vilikuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine, wao wakaingia kwenye majengo yale na tanuri zao. Ndiyo maana viwanda vya vyombo vilikuwa na majina kama Waridi, Kengele Tatu, Chungu cha Metali. Ukiyasikia unadhani ni vilabu vya pombe, na wala hujakosea sana.

Ila hawakuwa na udongo. Kauri ya kweli ni nyeupe mpaka ndani, ina udongo wake maalumu, na Ulaya ya wakati huo hakuna aliyejua kuitengeneza. Hawa wakachukua udongo wa kawaida, wakaupaka ute mweupe wenye bati, wakachora juu yake mandhari za Kichina ambazo hawakuwahi kuziona. Wachina wao wana pua za Kiholanzi. Kwa maneno mengine waliiga, na waliiga vizuri hadi kuiga kukawa fani yenye jina lake. Mimi siwacheki. Ila nilijisikia fahari kidogo ya kijinga, kwamba wakati wao wanahangaika kuigiza, watu wa Kaole walishazipachika zenyewe makaburini.

Nilichokaa nacho muda mrefu ni meza ya mchoraji. Mama wa makamo, miwani puani, sahani mbele yake kwenye kibao kinachozunguka. Kwanza aliweka karatasi iliyotobolewa matundu madogo madogo, akaipigapiga na kifuko cha unga wa mkaa. Alipoiondoa, ua lilikuwa limebaki kwa nukta, hafifu kabisa. Nikakumbuka fundi anavyohamisha mchoro wa kofia kwenye kitambaa. Kisha akachovya brashi. Rangi ilikuwa nyeusi! Nikamuuliza mdogo wangu, bluu iko wapi? Yule mama akacheka kabla sijatafsiriwa, nadhani swali hilo analisikia kila siku. Akaeleza kwamba ndani ya rangi kuna kobalti, na kobalti huwa bluu ikishapita motoni. Tena si hivyo tu: siku hizi, tofauti na wale wafinyanzi wa kwanza, akishamaliza, kazi yote inachovywa kwenye ute mweupe kama maziwa, mchoro unapotea kabisa, huoni kitu. Inaingia tanurini sahani nyeupe tupu. Ute unageuka kioo, na mchoro unatoka chini yake ukiwa bluu.

Hata brashi ilinishangaza: maji mengi, bluu hafifu, maji machache, bluu ya usiku. Na yeye anachora yote kwa weusi, akijua kichwani tu itakavyokuwa.

Bei za dukani zilinirudisha duniani. Kwenye duka jingine mjini nikaokota sahani ya bei poa, nikaigeuza, chini imeandikwa imetengenezwa China. Nikairudisha taratibu, nikimwomba Bibi radhi.

Jioni, kwenye mnada wa vitu vya kale kando ya mfereji, kati ya vijiko na redio mbovu, nikaona kigae kimoja cha ukutani, ukubwa wa kiganja na kidogo. Katikati mtoto mdogo sana wa bluu anakimbia na kijiti mkononi, mbele yake duara. Kona moja imemegeka, na hapo kwenye kidonda unauona udongo wenyewe, wa njano kama biskuti. Mzee alitaka euro 35. Nilimwonyesha kona. Akainua mabega. Nikamwonyesha tena. Thelathini.

Usiku nikampigia Mama kwa video, nikakiweka kigae karibu na kamera. Nilishajiandaa kumweleza habari za meli, na Ming, na kobalti. Akasogeza uso kwenye simu hadi nikaona paji la uso tu.

"Huyu anaendesha ringi," akasema.

Halafu akanyamaza, akitazama.

"Mbona kona imemegeka? Wamekupunguzia?"

Nikamwambia, kidogo.

"Haya. Kifunge kwenye khanga, usikiweke na viatu."