Wa kwa mwanangwa

Mwaka 2024, siku niliyochukua fomu ya kugombea uenyekiti wa mtaa wetu hapa Ilemela, Mwanza, nilimwamkia mzee mmoja jirani. Hakuitikia shikamoo yangu. Alisema, "Wewe si wa kwa mwanangwa?"

Ni kweli. Babu mzaa baba alikuwa mwanangwa, msimamizi wa kijiji chini ya mtemi, huko Kwimba. Miaka ya 1950 wakoloni walipolazimisha Wasukuma kupunguza mifugo na kulima kwa masharti yao, wanangwa ndio waliopita nyumba kwa nyumba. Baba yake mzee huyo alitoa ng'ombe ambao hakutaka kuwauza. Nyumbani kwetu habari hizo husemwa kwa sauti ya chini. Tunasimulia heshima, kiti na wageni waliopokelewa.

Babu mzaa mama hakuwa na kiti. Alilima pamba. Kabla vyama vya ushirika havijaanza kununua pamba vyenyewe, wakulima waliweka watu wao kando ya mizani ya wafanyabiashara, kwa sababu walikuwa wakipunjwa. Babu alikuwa mmoja wao. Mama anasema alisoma ratili kwa sauti, mara mbili, mzigo ukiwa bado unaning'inia. Katika vuguvugu hilo ndimo alimoinukia Paul Bomani, kiongozi wa wakulima wa pamba, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho la ushirika la Victoria. TANU ilizuiwa Usukumani kuanzia 1954 hadi 1958, lakini babu aliendelea kwenda kwenye mikutano ya pamba, na huko ndiko alikojifunza kumuuliza mkubwa swali mbele za watu.

Mimi nilikulia mwaloni, ufukweni samaki wanaposhushwa. Nilikuwa darasa la sita wakala alipoandika kilo 38 za sangara wa mama, na mshale ulikuwa kwenye 41. Nikasema kwa sauti, "Arobaini na moja." Kwa wiki nzima hakununua samaki wetu. Tulikula ugali kwa mchicha, na mama hakunigombeza hata mara moja. Wiki iliyofuata akina mama wawili wakaniita nikawasomee mizani yao. Kwangu siasa ilianzia hapo, miaka mingi kabla ya fomu.

Kwenye kampeni nilimtaja mwanangwa kwanza. Shangazi zangu walichukia; walisema ninamvua nguo marehemu. Ninawaelewa. Lakini nisingeweza kumleta mbele za watu yule babu wa mizani peke yake, huku yule wa daftari la ng'ombe nimemficha uvunguni.

Nilichaguliwa. Mkutano wa kwanza nilisoma mchango wa ulinzi wa sungusungu, kaya kwa kaya, kisha matumizi. Nilipofika kwenye fedha za tochi na makoti ya mvua, yule mzee akanyoosha mkono kutoka nyuma.

"Rudia hapo, mwenyekiti."

Nikarudia.