Vuta kama dafu

Jirani yangu hapa Majengo alinigongea mlango Ijumaa baada ya isha, karatasi mkononi. Bintiye wa miaka 9, mtoto wa kushinda akicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka adhana ya magharibi, ameandikiwa kwamba misuli yake ya kupumua ni dhaifu. "Dada, mwanangu ana nini?"

Nikaisoma: 36. Amepimwa mara moja tu.

Kipimo hicho, cha nguvu za kuvuta pumzi, ndicho kazi yangu. Mtoto hubanwa pua, hutoa pumzi yote mpaka iishe, kisha huvuta kwa nguvu zake zote kwenye bomba lililozibwa, na mvuto ule aushikilie angalau sekunde moja. Tunausoma kwa sentimita za maji, kipimo cha shinikizo la hewa. Kazi ni kumfahamisha mtoto avute kitu kisichokuja! Mimi huwaambia: vuta kama dafu ambalo mrija wake umeziba, lakini kwa kifua, si kwa mashavu. Bomba lenyewe lina kitundu kidogo, ili mashavu yasidanganye namba.

Jumatatu nilimpima mwenyewe. Mara ya kwanza 38, ya pili 45. Nikamwekea viganja mbavuni nikamhimiza, "Vuta, mama, vuta, usiache!" Ikaja 52, halafu 57, 55, 56. Hapo nikaridhika, maana tatu za juu hazikupishana hata asilimia 10.

Hesabu tunayoitumia sana kukadiria namba ya mtoto mzima wa afya ilichapishwa 1984 kwenye jarida la Thorax. Kwa msichana, zidisha kilo zake kwa 0.57, ongeza 40. Huyu ana kilo 24, kwa hiyo hutarajiwa 54 hivi. Mvulana huzidishiwa kwa 0.75 na kuongezewa 44.5. Lakini hesabu hiyo ilitokana na wazungu, nami natamani sana tuwe na ya watoto wetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe.

Namba nzuri huondoa shaka ya udhaifu. Namba ndogo haithibitishi kitu peke yake: huenda mtoto hakufahamu, au aliogopa, au hakuna aliyemhimiza. Kumtia mama hofu siku tatu kwa pumzi moja, hilo limeniuma.

Mamake aliikunja ile karatasi akaitia mkobani bila neno. Binti ndiye aliyeuliza kama kuna cha kupuliza pia. Kipo, na hicho hukadiriwa kwa umri: kwa msichana, miaka mara 4.8, ongeza 24, kwake 67.

Akajaza kifua, akapuliza 71.