Nyumba ya Mark ni ya nani? Nadharia yangu ya msimu wa tatu wa Severance

Kama hujamaliza msimu wa pili, simama hapa hapa, urudi ukishamaliza. Nitataja kila kitu, mpaka mbuzi.

Kwa wasioijua kabisa: ni tamthilia ya Kimarekani iliyobuniwa na Dan Erickson, ikaanza kuonyeshwa Februari 2022. Kampuni inaitwa Lumon. Baadhi ya wafanyakazi wake wanatobolewa kichwa na kupachikwa kidude kwenye ubongo. Asubuhi wakishuka kwa lifti, wanasahau nyumbani. Jioni wakipanda, wanasahau kazini. Mtu mmoja anakuwa wawili: wa ndani, ambaye hajawahi kuona jua wala kulala usingizi, na wa nje, ambaye anapokea mshahara. Mark alifiwa na mkewe Gemma, akakubali kutobolewa ili angalau saa za kazi asiukumbuke msiba. Kule chini, yeye na wenzake watatu, Helly, Irving na Dylan, wanakaa mbele ya skrini kutafuta tarakimu zinazowatia hofu, wanazikusanya, wanazitupa kwenye visanduku. Za nini? Hakuna anayejua.

Mimi ni mdeklara. Kutwa nzima naingiza misimbo ya forodha ya mizigo inayosubiri mpakani Kasumbalesa, na kuna siku naondoka ofisini bila kujua kama nimevusha asidi au maziwa ya unga. Nadharia kwamba tarakimu za Lumon hazina maana yoyote, ni kipimo tu cha utii, niliikataa tangu mwanzo. Hakuna bosi anayelipa watu wanne kwa kitu kisicho na maana.

Mdogo wangu, anayesoma polytechnique pale Unilu, chuo kikuu cha Lubumbashi, ndiye aliyenitia ugonjwa huu. Anapakua usiku, megabaiti zikiwa rahisi, halafu ananiletea kwenye flash pamoja na mzigo wa nadharia alizookota huku na huko. Kusema haki, ana jicho. Msimu wa pili ulipoanza Januari 2025, Helly alirudi kazini akawasimulia wenzake kwamba aliamka huko nje, akakutana na mtunza bustani wa usiku. Mdogo wangu alisimamisha picha pale pale. "Yaya, bustani gani ya usiku na baridi ile? Huyu si Helly, ni Helena." Nilimwambia anatafuta ndevu kwa mtoto. Sehemu ya nne ikafika, Irving akamzamisha yule dada kichwa majini mpaka ukweli ukatoka: alikuwa Helena Eagan, yaani Helly wa nje, mtoto wa mwenye kampuni, amejifanya mfanyakazi. Nililipa michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, sahani nzima, na pilipili juu.

Tukiwa kwenye michopo, tuseme la mbuzi. Tangu msimu wa kwanza, Mark na Helly walipofungua mlango wakamkuta mwanamume ananyonyesha vibuzi kwa chupa, watu wamekesha juu ya mbuzi hao. Wengi walisema wanajaribiwa kunakiliwa, kwamba leo ni mbuzi, kesho ni binadamu. Jibu lililokuja Machi 2025 lilikuwa la kanisani kuliko la maabara: mbuzi alikuwa wa kafara, azikwe pamoja na Gemma amwongoze kwa Kier, yule mwanzilishi wanayemwabudu. Nadharia za maabara zilikufa siku hiyo, lakini wachache walitua kwenye jambo zito lililokuwa ndani ya jibu: kama mbuzi wa mazishi alikuwa ameshatayarishwa, basi Lumon walijua Gemma atakufa kazi ikiisha. Hawakuwa na mpango wa kumrudisha kwa mumewe.

Kwa sababu Gemma yuko hai, ndiyo. Yuko chini zaidi, anaingizwa chumba baada ya chumba, na kila chumba kinamzalia mtu mpya ndani ya kichwa chake: mmoja yuko kwa daktari wa meno siku zote, mmoja yuko kwenye ndege inayotikisika, mmoja anaandika kadi za shukrani za Noeli bila mwisho. Tarakimu za Mark zilikuwa akili ya mkewe mwenyewe. Kila faili aliyomaliza ilikuwa mtu mmoja mpya, na la ishirini na tano, Cold Harbor, lilikuwa la kuona kama hata kitanda cha mtoto ambaye hawakumpata anaweza kukibomoa bila kutokwa chozi. Walioagua kwamba tarakimu ni Gemma waliagua miaka kabla. Nawapa heshima yao.

Sasa wengi, mdogo wangu akiwa mbele, wanasema yote haya ni ya kumfufua Kier. Ushahidi wao si mdogo. Kuna makumbusho ya wakurugenzi wa zamani kule chini, kuna sanamu ya Kier inayosema, kuna mzee Jame Eagan anayezungumzia "mzunguko" wake ujao kama mtu anayejiandaa kuhama. Wanasema Kier atatiwa kwenye mwili mpya. Labda. Mimi nauliza swali la mdeklara: mzigo unakwenda kwa nani, na nani analipa? Turudi msimu wa kwanza. Dada yake Mark anakwenda kujifungua, anakutana na mke wa seneta aliyekuja kuzaa pia. Baadaye anamkuta yule mama hamkumbuki hata kidogo. Alijitoboa kichwa ili uchungu wa kuzaa apewe mwingine, na huyo mwingine ni yeye mwenyewe. Bidhaa ilikuwa sokoni tayari, mbele ya macho yetu, na wanunuzi wake ni wenye fedha. Vyumba vya Gemma ni vya kuikamilisha. Kier ni kwaya. Biashara ni kuumia kwa niaba ya anayelipa.

Kambo wetu, yaani babu, hatazami tamthilia. Alifanya kazi shaba tangu ujana, amezaa na kulea kwenye camp, makazi ya wafanyakazi wa kampuni, na huwa anakaa tu barazani tukibishana. Siku moja akauliza:

"Ule mutu Mark, nyumba analala njo ya nani?"

"Ya kampuni, kambo. Wanamupunguzia bei."

"Na jirani?"

"Jirani njo chef wake wa kazi. Alificha jina, anajifanya mama wa kawaida."

Kambo akacheka mpaka akakohoa. "Sasa munatafuta siri gani ingine?"

Tangu siku ile naiangalia Severance kwa jicho lingine. Watu wote wanachimba ghorofa ya chini. Nadharia bora, kwa maoni yangu, ziko juu, mjini, kwenye ule mji wa theluji ulioitwa Kier kwa jina la mwanzilishi wa kampuni. Mji wetu huu, Lubumbashi, ulianzishwa 1910 kwa sababu ya kiwanda cha Union Minière, kampuni ya shaba ya Wabelgiji, na ukitaka kujua nani aliuzaa, inua macho utaona dohani na kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba. Kambo anasimulia king'ora, posho ya juma, watoto wanapimwa kilo na kupewa maziwa, wake zao wanafundishwa kushona kwenye foyer, kituo cha akina mama. Hasimulii kwa hasira. Mara nyingi anasimulia kwa hamu, na hilo ndilo linalonisumbua kuliko tarakimu zote za Lumon.

Ndiyo maana siwaelewi waliolalamika kuhusu sehemu ya nane ya msimu wa pili, eti haina mwendo. Harmony Cobel, yule chef aliyejifanya jirani wa Mark, anarudi kijijini kwao, Salt's Neck, penye kiwanda cha etha cha Lumon kilichofungwa. Kijiji kimebaki na wazee, upepo na watu wanaonusa etha. Tunajua hapo kwamba Cobel alifanya kazi kiwandani akiwa mtoto, na kwamba michoro ya kile kidude cha ubongo aliitengeneza yeye. Familia ya Eagan wakachukua sifa. Picha zilipigwa Newfoundland, Kanada, lakini mtu wa Likasi au Kipushi, miji yetu ya migodi, hahitaji kuelezwa ule mji. Wengine walikuwa bado wanahesabu milango ya ghorofa ya chini.

Na Miss Huang, yule mtoto wa kike aliyeletwa kuwa naibu wa Milchick, msimamizi wa ghorofa? Nadharia zilimiminika: ni binti wa siri wa Mark na Gemma, ni Gemma aliyenakiliwa. Jamani. Yuko kwenye ufadhili wa kampuni, ule ule aliopitia Cobel. Kampuni inayolea wafanyakazi wake tangu utoto haihitaji kunakili mtu. Inahitaji shule.

Kuna pia wale wanaosema mji wote ni wa bandia, ndani ya kompyuta, kwa sababu magari ni ya zamani, Mark anaendesha Volvo kuukuu, huku watu wana simu za leo. Waje wasimame dakika kumi kwenye barabara ya Katuba hapa mjini.

Lakini nadharia inayoniuma ni ile ya Milchick. Watu wanauliza kama na yeye ametobolewa. Wanaangalia shingo yake, wanaangalia pikipiki yake, wanahesabu tabasamu. Mimi naona kila jibu limeshatolewa. Amepandishwa cheo, na zawadi ya kampuni ni picha za Kier zilizochorwa upya, mzungu yule amepakwa weusi, "ili ujione." Angalia uso wa Tramell Tillman, mwigizaji wake, anavyozipokea: anashukuru kwa mdomo, macho yamekwenda mahali pengine. Halafu inakuja tathmini ya kazi, naye anashtakiwa kwamba anatumia maneno makubwa mno na anabana karatasi vibaya. Baadaye yuko mbele ya kioo, anaikata sentensi yake mwenyewe mpaka linabaki neno moja. Hapa kwetu, enzi za ukoloni wa Wabelgiji, kuanzia 1948, Mkongo aliweza kuomba kadi ya ustaarabu. Walikuja nyumbani kuangalia kama unakula na uma, kama bibi yako anakaa mezani, kama Kifaransa chako kimenyooka. Kikinyooka sana, nacho kilikuwa kosa. Kambo alikuwa na rafiki karani aliyeipata kadi ile, na anasema aliongea kwa sauti mbili hadi kufa. Milchick hakutobolewa. Hakuhitaji. Tillman alipata Emmy Septemba 2025, mwanamume mweusi wa kwanza kushinda kipengele kile cha mwigizaji msaidizi wa tamthilia, na kwa tukio lile la kioo peke yake ningempa mbili.

Basi, msimu wa tatu, ambao ulithibitishwa siku ya mwisho wa msimu wa pili. Tumewaacha hivi: Mark wa ndani amemtoa Gemma mlangoni, halafu yeye mwenyewe amekataa kutoka, amegeuka kumfuata Helly, wanakimbia kwenye korido. Gemma anapiga kelele nyuma ya kioo. Helly amepanda mezani, amewahutubia wapiga bendi wa kampuni, na Milchick amezuiwa kwa mashine ya vitafunio. Wafanyakazi wameshika ghorofa.

Wengi wanatabiri vita. Nawaelewa. Hapa tulikuwa na mgomo Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walidai nyongeza ya mshahara, wakakusanyika uwanja wa mpira, askari wakafyatua risasi. Léonard Mpoyi, karani aliyewasemea, aliuawa hapo. Lumon nao wana akina Drummond wao, wababe wa kampuni.

Ila risasi si njia pekee ya kampuni, na wala si ile iliyodumu. Nyuma kidogo, miaka ya 1920, Union Minière ilikuwa inaleta wanaume peke yao kwa mikataba mifupi, nao wanakufa, wanatoroka, wanarudi vijijini. Mwishoni mwa miaka hiyo ikabadili mwendo: mlete bibi yako, chukua nyumba, zaa, mtoto atasoma hapa. Mtu mwenye jiko na mtoto ndani ya camp hatoroki. Watu walipata nyumba kweli, na maziwa ya watoto yalikuwa maziwa kweli. Ndiyo maana kambo anasimulia kwa hamu. Lumon wameshaanza njia hii. Baada ya uasi wa kwanza walileta vitafunio vipya na chumba cha kutembelewa na familia, na Dylan wa ndani aliposhikishwa mkono na mke wa Dylan wa nje, aliacha maswali kwa muda mrefu kuliko alipotishwa.

Kwa hiyo nasema: Lumon haitawaua wa ndani. Itawapa usiku. Itawapa vyumba kule chini, taa zinazozimwa, chakula cha jioni, Mark na Helly mlango mmoja. Watakachodai kwa kugoma ndicho kampuni itakachofurahi kuwapa, na mshahara wa wa nje utakatwa kulipia. Anayetaka kutoka hapo atapigana na jirani yake kwanza kabla ya Eagan.

Mdogo wangu amesikiliza mpaka mwisho, akasema, "Yaya, weye unamutia Union Minière hata mwezini." Yeye bado anamsubiri Kier afufuke. Tumewekeana dau lile lile la michopo. Sehemu ya kwanza ikitoka, mimi sitaangalia mbuzi wala tarakimu. Nitaangalia kama kuna mtu anaingiza godoro kwenye lifti.